Nakili, hamisha, sawazisha, landanisha

Vitenzi nakili, hamisha, sawazisha na landanisha hutumiwa kueleza yanayotokea faili linapotoka kompyuta moja kwenda nyingine. Katika mazungumzo ya kawaida vitenzi hivi hupishana bila madhara makubwa, kwa kuwa msikilizaji anaweza kuuliza. Katika mwongozo wa programu au kwenye kitufe cha kioo hakuna wa kuulizwa. Kila kitenzi humpa mtumiaji ahadi kuhusu hali ya faili lake baada ya kitufe kubonyezwa, na ahadi hizo hazifanani. Makala haya yanaeleza maana ya kila kitenzi, asili yake, mipaka yake na makosa yanayojitokeza katika tafsiri na ufundishaji.

Kwa ufupi

- Nakili: kufanya faili liwepo mahali pengine huku lile la kwanza likibaki lilipo. Baada ya hapo mafaili hayo mawili hayajuani tena.
- Hamisha: kuliondoa faili mahali pamoja na kuliweka pengine. Mwishoni faili huwa moja tu.
- Sawazisha: kuifanya hali ya upande mmoja iwe sawa na ya upande mwingine. Kitenzi chenyewe hakisemi ni upande upi unaofuatwa.
- Landanisha: kufanya pande mbili zilingane na ziendelee kulingana, badiliko la upande wowote likifika upande wa pili.

Mahali ambapo tofauti hujitokeza

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao yake makuu yako mjini Bariadi. Tuchukue nyumba moja ya mjini hapo, tuseme Somanda, ambamo mwalimu wa taaluma ana kompyuta ya mezani na mwenzi wake, karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa pamba, ana kompyuta mpakato. Kompyuta zote mbili zimeunganishwa na ruta moja, kwa waya au kwa Wi-Fi. Mwalimu ana majedwali ya alama za wanafunzi. Karani ana orodha za wakulima na uzito wa pamba iliyopimwa.

Njia iliyozoeleka ya kupeleka faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika nyumba kama hiyo ni flashi. Njia ya pili ni kulituma kwa baruapepe au kwa programu ya ujumbe, hata kama mpokeaji ameketi chumba cha pili. Faili linalokwenda hivyo hutoka nje ya nyumba, hufika kwenye seva za mbali, kisha hurudi, na kifurushi cha intaneti hukatwa mara mbili: wakati wa kulipeleka na wakati wa kulipokea. Njia ya tatu ni mtandao wa ndani ya nyumba. Faili linalopita kwenye ruta bila kutoka nje halitumii kifurushi, na linaweza kusafiri hata siku ambayo intaneti imekatika, ilimradi ruta na kompyuta zina umeme.

Ni katika njia hii ya tatu ndipo vitenzi vinne huanza kutofautiana kwa vitendo. Aliyezoea flashi anajua kunakili na kuhamisha. Programu za mtandao wa ndani humletea jambo ambalo flashi haina: mafaili mawili yanayoendelea kufuatana baada ya mtumiaji kuondoka. Akielezwa jambo hilo kwa kitenzi cha flashi, ataelewa kisichokuwapo.

Nakili na nakala

Kitenzi nakili na nomino nakala vinatokana na mzizi wa Kiarabu n-q-l, ambao katika Kiarabu hubeba maana mbili: kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali, na kunukulu maandishi. Kiswahili kilichukua maana ya pili na kuiachia ile ya kwanza kitenzi chake chenyewe cha Kibantu, hamisha. Kwa hiyo tofauti ambayo katika Kiarabu hutegemea muktadha, katika Kiswahili imegawanywa kwa maneno mawili. Mfasiri anapaswa kuilinda hazina hiyo na si kuichanganya upya.

Nakala ina matumizi matatu ambayo hayana budi kutenganishwa:

1. Nakala ya maandishi yaliyo na asili. Mfano: *Karani humpa mkulima stakabadhi na kubaki na nakala yake kitabuni.* Nakala inayotoka chini ya karatasi ya kaboni hushika yaliyoandikwa wakati ule ule. Stakabadhi ya juu ikirekebishwa kesho, nakala ya chini haibadiliki.
2. Nakala kama kila kimoja cha vitabu au magazeti yaliyochapwa. Mfano: *Zimechapwa nakala 500.* Hapa hakuna asili na kivuli. Kila nakala ni kitabu kamili.
3. Nakala ya faili la kompyuta. Hii hufanana na ya kwanza kwa kuwa ilitokana na faili fulani, na hufanana na ya pili kwa kuwa, herufi kwa herufi, haitofautiki na lile ililotoka.

Katika ofisi za Tanzania karatasi iliyotolewa kwa mashine huitwa pia kivuli au nakala kivuli: *Ambatisha kivuli cha cheti cha kuzaliwa.* Neno hilo halifai kuhamishiwa kwenye mafaili ya kompyuta, kwani kivuli cha cheti hudokeza kitu pungufu kuliko cheti halisi, ilhali faili lililonakiliwa halipungukiwi na chochote.

Sifa ya msingi ya nakili, basi, ni kwamba kitendo kina mwisho. *Alinakili majedwali ya alama kwenye kompyuta mpakato siku ya Ijumaa* ina maana kwamba kompyuta mpakato ina alama zilivyokuwa Ijumaa. Alama zilizosahihishwa Jumamosi kwenye kompyuta ya mezani hazimo.

Hamisha

Hamisha ni kauli ya kutendesha ya hama. Mwenye kuhama haachi nafsi yake nyuma, na ndivyo ilivyo kwa faili. Kwenye vitufe, kitendo hiki huonekana kama kata ikifuatiwa na bandika, wakati kunakili huonekana kama nakili ikifuatiwa na bandika.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mwandishi wa mwongozo anafaa kulijua. Faili likihamishwa ndani ya diski moja, mara nyingi kinachobadilika ni anwani yake tu, ndiyo maana kazi huisha mara moja hata kama faili ni kubwa. Likihamishwa kati ya kompyuta mbili, programu hulinakili kwanza upande wa pili, kisha hulifuta upande wa kwanza. Hivyo hamisha, katika mtandao, ni nakili pamoja na futa. Pale ambapo umeme huweza kukatika katikati ya kazi, mwongozo mwema humshauri msomaji kunakili, kuhakiki kwamba faili linafunguka upande wa pili, ndipo afute mwenyewe. Ushauri huo hauwezi kuandikwa kwa ufasaha na mtu anayetumia hamisha na nakili kana kwamba ni visawe.

Sawazisha

Sawazisha imejengwa juu ya sawa, neno lenye asili ya Kiarabu, kwa viambishi vya Kiswahili: sawa, sawaza, sawazisha. Ndicho kitenzi kinachokutwa kwenye simu za Android na kwenye kivinjari cha Chrome vikiwekewa lugha ya Kiswahili, pamoja na nomino yake usawazishaji. Kwa sababu hiyo ndicho kinachojulikana zaidi na watumiaji.

Matumizi yake ya zamani yanaonyesha nguvu na udhaifu wake. Katika kandanda, *timu ilisawazisha dakika ya 80*: aliyekuwa nyuma amemfikia aliye mbele, na aliye mbele hakubadilika. Katika ujenzi na kilimo, *walisawazisha kiwanja*: udongo umetolewa kwenye kichuguu ukajazwa kwenye shimo, na kichuguu hakipo tena. Matumizi yote mawili ni sahihi, na yote mawili hupatikana katika programu. Zipo programu zinazofanya kama timu: upande mmoja huongoza, wa pili hufuata. Zipo zinazofanya kama koleo kiwanjani: pande zote mbili hubadilishwa hadi zilingane, na kufuta kwa upande mmoja hufika upande wa pili.

Mfano wa aina ya kwanza ni rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Hulinganisha pande mbili na kupeleka sehemu zilizobadilika tu, kutoka upande wa chanzo hadi upande wa lengo. Faili lililofutwa kwenye chanzo haliondolewi kwenye lengo mpaka mtumiaji aagize hivyo waziwazi. Mifano ya aina ya pili ni Unison na Syncthing. Syncthing ikiachwa katika mpangilio wake wa kawaida, badiliko la upande wowote hupelekwa kwa upande mwingine, na kufuta ni badiliko kama mabadiliko mengine.

Kwa hiyo sawazisha ikisimama peke yake haitoshi katika maelekezo. Inahitaji kukamilishwa kwa mojawapo ya njia hizi:

- *Sawazisha folda ya kompyuta mpakato kwa kufuata ya kompyuta ya mezani.*
- *Usawazishaji wa upande mmoja.*
- *Usawazishaji wa pande mbili.*

Landanisha

Landa ni kufanana au kuwa sawa. Landana ni kufanana pande kwa pande. Landanisha ni kusababisha mlandano huo. Kiambishi -na, chenye dhana ya kutendana, ndicho kinachokipa kitenzi hiki ubora wake. Huwezi kulandana peke yako, wala kulandana hakuna mkubwa na mdogo. Pale programu inapochukua mabadiliko kutoka pande zote mbili, landanisha husema kwa neno moja kile ambacho sawazisha hukisema kwa maneno matatu.

Pingamizi linalotolewa dhidi yake ni kwamba halijulikani sana nje ya madarasa na tafsiri za programu. Pingamizi hilo lina uzito kwenye kitufe, ambapo mtumiaji husoma neno moja na kuamua. Lina uzito mdogo katika mwongozo, ambapo neno linaweza kuelezwa mara moja na kutumiwa hadi mwisho. Pendekezo la makala haya ni kutumia sawazisha kama istilahi pana, na landanisha kwa usawazishaji wa pande mbili pekee. Mfasiri anayekuta landanisha imeshatumika kwa maana pana katika programu anayoifasiri afuate programu hiyo, ili neno la mwongozo lifanane na neno la kioo.

Mlandano wa pande mbili huleta hali ambayo kunakili hakuijui: mgongano wa matoleo. Mwalimu akirekebisha jedwali moja kwenye kompyuta ya mezani, na kabla ya kompyuta kuwasiliana akalirekebisha jedwali lile lile kwenye kompyuta mpakato, programu haina namna ya kujua lipi ni sahihi. Syncthing hulibakiza toleo moja kwa jina lake na kulipa la pili jina lenye alama ya mgongano, kisha humwachia binadamu uamuzi. Mgongano unafaa hapa kuliko kosa, kwa kuwa hakuna aliyekosea. Matoleo mawili yote yaliandikwa kwa nia njema.

Maneno jirani

*Oanisha.* Kutoka oa, oana. Ni kuvitambulisha vifaa viwili ili vikubaliane kuwasiliana. Kuoanisha hutangulia kusawazisha na hakupeleki faili lolote.

*Shiriki na shirikisha.* Shiriki ni kuwa na sehemu katika jambo: *Wanafunzi wa Maswa walishiriki mashindano.* Anayefungua folda yake ili wengine waione hashiriki, anawashirikisha. Kitufe kinachosema *Shiriki* kimezoeleka, lakini katika sentensi kamili iandikwe *washirikishe wengine folda hii* au *folda ya pamoja*.

*Pakia na pakua.* Picha yake ni chombo na shehena, na pakua hutumika pia kwa chakula kinachotolewa chunguni. Maneno haya hufaa pale ambapo kuna seva na wateja wake. Kati ya kompyuta mbili zilizo sawa nyumbani, kupakia kwa mmoja ni kupakua kwa mwingine, na msomaji hupotea. Nakili pamoja na *kutoka* na *kwenda* ni wazi zaidi.

*Nakala rudufu.* Ni nakala inayowekwa kando ili itumike ya kwanza ikipotea. Neno chelezo, ambalo maana yake ya zamani ni kitu kinachoelea juu ya maji, hukutwa pia kwa maana hii katika tafsiri za mtandaoni. Lifafanuliwe linapotumiwa mara ya kwanza. La muhimu zaidi ni kwamba folda inayolandanishwa si nakala rudufu. Nakala rudufu hubaki na jana. Mlandano huifuata leo, pamoja na makosa ya leo.

Athari ya kosa moja

Sentensi ifuatayo inaweza kuandikwa na mfasiri mwenye haraka: *Programu hii hunakili mafaili yako kwenye kompyuta ya pili.* Kisarufi haina dosari. Tuseme inaeleza programu ya kulandanisha. Mwalimu wa taaluma anaisoma, anaona diski ya kompyuta ya mezani imejaa, na anafuta majedwali ya mihula iliyopita akiamini kwamba nakala ziko kwenye kompyuta mpakato. Kompyuta hizo zikiwasiliana, majedwali yanafutwa na kule. Hakuna mashine iliyoharibika. Programu ilifanya kazi yake, na mwalimu alitenda kwa mujibu wa kitenzi alichopewa. Kilichopotea ni alama za wanafunzi, na kilichozipoteza ni kitenzi.

Sentensi iliyo salama ni hii: *Programu hii hulandanisha folda za kompyuta mbili. Faili likifutwa kwenye kompyuta moja, litafutwa na kwenye ya pili.* Sentensi ya pili si nyongeza ya hiari. Palipo na hatari ya kupoteza data, mfasiri anaruhusiwa, na pengine analazimika, kueleza tokeo la kitendo hata kama matini chasili iliridhika na neno moja.

Ngeli, mnyambuliko na tahajia

Faili hutumika katika ngeli mbili: *faili hili, mafaili haya* na *faili hii, faili hizi*. Zote zinasikika Tanzania. Makala haya yanafuata ya kwanza. Kosa ni kuchanganya mbili katika matini moja: *faili hili imenakiliwa*.

Minyambuliko inayohitajika zaidi ni: nakiliwa, nakilika, unakili, hamishwa, uhamishaji, sawazishwa, usawazishaji, landanishwa, ulandanishaji. Tofauti ya nakiliwa na nakilika ni muhimu katika ujumbe wa programu: *faili halikunakiliwa* hutaja tukio, *faili halinakiliki* hutaja sifa ya faili, kwa mfano kwamba limefungwa.

Katika mkoa wa Simiyu, ambako wanafunzi wengi huanza na Kisukuma nyumbani, mwalimu atarajie kubadilishana kwa r na l, kwa kuwa Kisukuma hakitumii sauti hizo mbili kutofautisha maneno. Rudufu huweza kuandikwa *ludufu*, na kwa kujisahihisha kupita kiasi landanisha huweza kuandikwa *randanisha*. Umbo la pili humpeleka msomaji kwenye randa, kifaa cha seremala. Zoezi la kuandika kwa imla lenye jozi kama *randa* na *landa* husaidia kuliko kanuni ya kukariri.

Historia fupi ya istilahi

Msamiati wa kompyuta katika Kiswahili cha Tanzania ulichelewa kwa sababu ya kisera pia, kwani mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye hatua kwa hatua. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri za kampuni kubwa za kigeni zikafuata njia zake. Matokeo yake ni kwamba dhana moja ina maneno mawili au matatu, kila moja likiwa na makao yake katika programu fulani. Kenya imeongeza mengine, kama vile tarakilishi kwa kompyuta na kipakatalishi kwa kompyuta mpakato.

Mapendekezo

Kwa wafasiri: kabla ya kuchagua kitenzi, jibu maswali matatu. Je, faili la kwanza linabaki? Je, badiliko la baadaye litafika upande wa pili? Je, litafika kutoka upande mmoja au pande zote? Ndiyo, hapana: nakili. Hapana: hamisha. Ndiyo, ndiyo, upande mmoja: sawazisha, na taja upande unaofuatwa. Ndiyo, ndiyo, pande zote: landanisha.

Kwa walimu: tofauti hizi hufundishika bila kompyuta. Wanafunzi wawili wapewe daftari moja moja lenye orodha ile ile ya majina. Kwanza mmoja anakili orodha ya mwenzake na wasionane tena. Kisha mmoja awe wa kufuatwa na mwingine wa kufuata. Mwisho wote wabadilishe orodha zao, kila mmoja kwa wakati wake, na wakutane kulandanisha. Mgongano utajitokeza wenyewe katika hatua ya mwisho, na darasa litadai neno la kuuita.

Kwa wanafunzi: unaposoma *sawazisha* kwenye kioo, usibonyeze kabla ya kujua nani anamfuata nani.